Ng'ombe wamejaa barabarani, nyama haishikiki: jibu kwa mama lishe wa Isevya

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mama lishe hapa Isevya, Tabora mjini, asubuhi nauza supu mchana wali nyama. Nilipoanza nilikuwa nachukua kilo elfu sita, ikaja saba, ikaja nane, sasaivi bucha ninayochukulia ananiambia elfu kumi na moja na kuna siku anasema nyama haipo, ng'ombe hakuna. Mdogo wangu yuko Marekani nae ananiambia kwao nyama imepanda ajabu eti ng'ombe wamepungua hawajawahi kuwa wachache hivyo tangu enzi za bibi zetu. Sasa naomba kujua, ng'ombe wameisha dunia nzima au tunapigwa? Mbona ukienda njia ya Nzega unakutana na makundi mpaka gari linasimama? Itashuka lini, au niache supu nikauze samaki? Na kuna mtu ananishauri ninunue ng'ombe wawili nifuge mwenyewe, we unaonaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, mwangaluka. Umeuliza mengi kwa mkupuo na ntayajibu yote ila sio kwa mpangilio ulioyauliza, kwasababu bei ya kilo pale bucha huwezi kuielewa kama hujaelewa kwanza tumbo la ng'ombe jike. Nimekaa na ng'ombe miaka zaidi ya thelathini, Igunga, Nzega, Sikonge, na miaka ya mwisho kazini nilikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni, kwa hiyo nikirefusha nivumilie.

Kwanza mdogo wako hajakudanganya. Wamarekani wanahesabu ng'ombe wao kila Januari, na hesabu ya Januari 2025 ilitoka milioni 86.7, ndogo kuliko zote tangu 1951. Mwaka 1975 walikuwa nao milioni 132. Nyama ya kusaga kwao mwaka huo wa 2025 ilivuka dola 6 kwa ratili, na ratili haifiki hata nusu kilo, ukiipigia hesabu kwa hela yetu kilo moja inapita elfu thelathini, na hiyo ni ya kusaga tu, sio steki.

Walifikaje huko? Ukame. Kuanzia 2020 mpaka 2022 majimbo yao ya wafugaji yalikauka, nyasi hakuna, majani makavu ya kununua yakapanda bei, mfugaji akabaki na maamuzi yale yale ambayo mzee wa Igunga anayo kila Oktoba, nilishe kwa hela nisiyonayo au niuze? Wakauza. Na hawakuuza madume peke yake, waliuza majike, mpaka 2022 majike walikuwa wanaingia machinjioni kwa wingi wa kutisha. Sasa hapa ndo watu wengi wanapopotea, kwamba ule mwaka wa kuuza majike nyama sokoni ilikuwa nyingi, mlaji akaona mambo mazuri, kumbe alikuwa anakula ndama wa 2024 na 2025 kabla hawajazaliwa.

Hesabu nae kwa vidole. Mfugaji wa kule akiamua leo kwamba mtamba huyu, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa, simuuzi namwacha azae, itabidi amsubiri afike kama miezi kumi na tano apandwe, abebe mimba miezi tisa na siku zake, azae, alafu yule ndama akue mwaka mmoja na nusu hivi ndo achinjwe. Ukianzia mtamba mwenyewe alipozaliwa ni miaka mitatu na nusu, na hao ni ng'ombe wa kisasa wanaokula nafaka. Na kibaya zaidi ni kwamba yule mtamba aliyeachwa azae nae ni nyama ambayo haijaenda sokoni, kwa hiyo ili nyama ije kuwa nyingi huko mbele lazima leo ipungue zaidi kuliko ilivyopungua. Ndo maana ukiona wafugaji wanaanza kubakiza mitamba ujue bei inapanda kwanza, kushuka ni baadae sana.

Juu ya hapo wakapata na balaa la funza wa vidonda, inzi anayetaga kwenye jeraha la mnyama alafu funza wanakula nyama hai. Walishammaliza kwao tangu 1966, lakini kuanzia 2023 akaanza kupanda kutoka Panama, Novemba 2024 akaonekana Mexico, wakafunga mpaka, na huko Mexico ndo walikuwa wanapata ng'ombe zaidi ya milioni moja kwa mwaka wa kunenepesha. Naomba niseme kidogo hapa maana jambo lenyewe linatugusa watu wa Tabora. Ile njia waliyommalizia yule inzi, ya kuzalisha madume kwa wingi, kuyapiga mionzi yawe tasa na kuyaachia yakapande majike bure, ndo hiyo hiyo iliyotumika kumaliza mbung'o Unguja miaka ya 90, na wale mbung'o tasa walizalishwa Tanga hapa hapa kwetu wakawa wanamwagwa na ndege, mbung'o wa mwisho akanaswa 1996. Mi kila nikipita msitu wa Sikonge nikaona wale inzi wanavyoganda kwenye kioo cha gari huwa nalifikiria hilo. Unguja ni kisiwa, huku pori halina mwisho mbung'o anarudi, najua, lakini nagana, ule ugonjwa wa ng'ombe anaouleta mbung'o, imetumalizia ng'ombe wengi kweli na watu wanaongelea nyasi tu.

Sasa ya Marekani inatuhusu? Bei yako ya Isevya haipandi kwasababu ya Marekani. Sisi hatuwauzii ng'ombe na wao hawatuletei nyama bucha. Kinachofanana ni ile kanuni ya jike, basi.

Tuje kwetu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, Afrika tuko juu kabisa pamoja na Ethiopia. Ukilinganisha na wale milioni 86 wa Marekani utasema basi nyama yetu iwe kama nusu ya yao. Wapi! Wao wanatoa tani karibu milioni 12 za nyama ya ng'ombe kwa mwaka, sisi tuko kwenye nusu milioni hivi. Ng'ombe mmoja wa kwao akichunwa anabaki na kilo karibu 390 za nyama na mifupa. Wa kwetu wa asili, huyu mwenye nundu unayekutana nae njia ya Nzega, dume wa miaka minne mitano mzima mzima ana kilo 220 hivi, ukishatoa kichwa, ngozi, matumbo na kwato unabaki na mia na kitu kidogo. Alafu jike wa asili anazaa mara ya kwanza akiwa na miaka minne, akishazaa anakaa mwaka mmoja na nusu mpaka miwili ndo azae tena, na kwenye boma lisiloogesha dawa ya kupe, kati ya ndama watatu mmoja hafikishi mwaka, na anayemmaliza zaidi ni ndigana kali kutoka kwa kupe. Kwa hiyo lile kundi lililosimamisha gari lako lina majike wanaosubiriwa kuzaa, ndama watakaokufa, maksai wa kulimia, wa mahari ya kijana wa nyumba ile, na wale ambao mzee hauzi mpaka mtoto aumwe au ada ya Januari ifike. Wa kuchinja mwaka huo ukikuta mmoja kati ya kumi shukuru.

Na usimlaumu mzee. Watu wa mjini wanapenda kusema wafugaji wanapenda tu kujaza ng'ombe, hilo mi sikubaliani nalo hata kidogo. Yule ng'ombe ndo benki yake, ndo bima yake, akiuza kumi leo hela inaisha kwa miezi minne lakini ng'ombe kumi wanaweza kuvuka nae ukame wakabaki watano akaanza upya. Ukitaka auze mapema mpe sababu ya kuamini ndama wake hawatakufa.

Sasa kwanini nyama inazidi kuadimika Tabora wakati zamani haikuwa hivi? Anza na watu. Sensa ya 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu milioni 2.29, ya 2022 ikatoka milioni 3.39, yaani wameongezeka watu milioni moja na laki moja ndani ya miaka kumi, na mji wenyewe umejaa, ujenzi wa SGR umeleta watu, na watu wakipata hela kidogo kitu cha kwanza kinachobadilika ni sahani. Ng'ombe hawajaongezeka kwa spidi hiyo. Alafu ng'ombe wenyewe wamehama. Wale wafugaji wa Igunga na Nzega na ndugu zao wa Shinyanga wameshuka na mifugo Sikonge, Kaliua, wakavuka Katavi, Rukwa, wengine wako Morogoro wengine mpaka Lindi, kwasababu malisho ya nyumbani yameshalimwa pamba, mpunga na tumbaku na yaliyobaki ni hifadhi, Ugalla nayo ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Sisemi misitu ifyekwe, maji yetu yanatoka huko na asali yetu inatoka huko, ila ng'ombe aliyehamia Lindi hawezi kurudi kuchinjwa Isevya, yule anaenda Dar. Na hata aliyebaki Igunga, siku ya mnada lori la Dar linasimama pale pale, mwenye bucha wa Tabora anagombania dume moja na mtu anayekwenda Pugu ambako kilo inauzwa ghali zaidi. Nani atashinda hapo?

Ndo maana nasema hupigwi, au tuseme hupigwi sana. Chukua dume la laki tisa linalotoa kilo mia. Hapo kila kilo ishamgharimu mwenye bucha elfu tisa kabla hajalipa ushuru wa mnada, kibali cha kusafirisha, vijana wa kuswaga au gari, machinjio, umeme wa friji. Anachorudisha ni kichwa, utumbo, miguu. Ngozi ambayo zamani ilikuwa inamrudishia hela ya maana, sasaivi mara nyingi inaozea machinjioni hakuna anayeitaka, na ile hasara nayo unalipa wewe kwenye kilo. Kama anakuuzia kumi na moja faida yake ni ndogo kuliko unavyofikiria. Anapokuibia ni kwenye mzani na kwenye mifupa, hapo fungua macho.

Nikuambie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kilikuwa kiangazi kibaya, machinjio moja ya huku siitaji jina, saa kumi alfajiri, nimeshika tochi maana umeme haukuwepo. Walikuwa wameingia ng'ombe tisa, sita majike. Nikafika kwa jike mmoja mwekundu, mbavu unazihesabu, nikapasua kizazi ndani nikakuta ndama kashaota manyoya, kwato zake bado laini kama sabuni iliyolowa. Nikasogea kwa mwingine, hivyo hivyo. Nikamuuliza mchinjaji umewatoa wapi, akaniambia mzee alikuwa anataka ada, madume kashauza yote tangu mwezi wa sita, amebaki na hawa tu. Nilirudi nyumbani sijala. Nyama ile tuligonga mhuri, ilikuwa salama, watu wakala, na hamna mteja hata mmoja aliyejua kwamba ameshakula na ng'ombe wa miaka mitano mbele. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nyama itashuka lini, kabla sijamjibu namuuliza machinjioni kwenu majike wanaingia wangapi.

Kwa hiyo itashuka? Kwa mwaka inapanda na kushuka kidogo, hilo utaliona, ila usitegemee irudi elfu saba. Mvua zikiisha Aprili ng'ombe wanakuwa wanono, kuanzia Mei mpaka Julai hapo ndo nyama nzuri na bei inatulia. Septemba Oktoba ng'ombe wanakuja wengi mnadani lakini mifupa mitupu, kilo utanunua ila sufuriani inasinyaa. Mvua zikianza mfugaji anakataa kuuza, nyasi zipo ana haraka gani, njia nazo zinaharibika, na hapo hapo inaingia Krismasi na mwaka mpya. Hiyo Desemba mpaka Machi ndo bucha anakuambia ng'ombe hakuna na anasema kweli. Wewe kaa nae Mei, mwambie nachukua kilo kumi kila siku mpaka Septemba hela mkononi, mkubaliane bei ya msimu. Watu wa bucha wanampenda mteja wa uhakika kuliko mteja wa maneno matamu. Supu yako usiipikie steki, chukua makongoro, kichwa, mkia, mifupa yenye uboho, uchemshe usiku kucha, hivyo ndo supu ya Tabora ilivyokuwa siku zote. Wali nyama punguza vipande uongeze maharage pembeni uwaambie wateja ukweli kwamba nyama imepanda, watakuelewa kwasababu nao wananunua.

Samaki sikukatazi ila usihame moja kwa moja. Samaki nao wana yao. Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu mwaka 2024 kuanzia 15 Mei ili samaki wazaliane, mtu aliyekuwa anategemea migebuka peke yake alikaa. Weka siku mbili za samaki kwa wiki uone.

Sasa hao ng'ombe wawili. Kama anayekushauri anamaanisha ununue mitamba miwili uwaweke Isevya wazae upate nyama ya mgahawa, kataa. Nimeshakupa hesabu, utakula nyama yao baada ya miaka saba. Lakini kama una eneo nje ya mji kidogo na mtu wa kuaminika wa kukaa nao, kuna kitu kinaitwa kunenepesha, Shinyanga na Mwanza wanafanya sana, na huku kwetu pamba ipo Igunga na Nzega, mashudu yanapatikana, yale makapi ya mbegu zake zikishakamuliwa mafuta. Unanunua madume au maksai vijana mwezi wa kumi wakiwa wamekonda na bei iko chini, unawalisha siku tisini, unauza Januari wenzio hawana.

Ila nenda na mtu anayejua kuchagua. Mfungue mdomo mbele chini, ukiona meno mawili makubwa yametoka na mengine bado ya utoto huyo ana miaka miwili na nusu hivi, anafaa, mifupa yake ina nafasi ya kujaza. Akiwa na manane yote na amekonda, jiulize kwanini hajawahi kunenepa. Mshike ngozi ya ubavuni uivute, ikirudi haraka mzima, ikibaki imesimama muache. Angalia tezi za chini ya sikio, zikiwa zimevimba kama limao hiyo inaweza kuwa ndigana, usinunue hata akikupunguzia laki. Ukifika nao nyumbani dawa ya minyoo siku ya kwanza, nyunyiza dawa ya kupe kila wiki, na mashudu usiwape ndoo nzima kwa furaha, anza na nusu kilo kwa siku uchanganye na pumba na majani makavu, ongeza kidogo kidogo wiki mbili, maji yawepo muda wote. Dume anayekubali chakula anaweza kuongeza nusu kilo na zaidi kwa siku, siku tisini ni kama kilo hamsini. Andika kila gunia ulilonunua, maana nimeona watu wanauza kwa laki tisa wanashangilia kumbe ametafuna mashudu ya laki tatu na walimnunua laki sita na nusu.

Na usichukue mkopo wa kikundi kwa ajili ya hii. Anza na mmoja, hela yako mwenyewe.

Kama una ndugu kijijini wenye ng'ombe, wao ndo wa kuambiwa mambo mazito zaidi, waogeshe, wapeleke kwenye chanjo, ile kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 ina chanjo ya homa ya mapafu kwa ruzuku, waende wasisubiri kusikia jirani amepoteza. Na warudishe ngitili. Wazee wetu Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wanafunga kipande cha malisho masika yote, hakuna kuingiza ng'ombe, kiangazi kikikolea ndo kinafunguliwa kwa ndama na majike wenye mimba. Shinyanga mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza 1986 nchi ilikuwa jangwa jekundu, wakafufua ngitili hizo hizo, leo ukipita unaona miti. Mtu mwenye ngitili Oktoba haimlazimu kuuza jike mwenye mimba.

La mwisho maana najua litakuja, kuna watu watakufuata usiku na nyama ya bei nusu kwenye mfuko wa rambo, watakuambia ng'ombe alivunjika mguu. Usichukue. Kimeta hakionekani kwa macho nyama ikishakatwa, na sufuria ya supu inalisha watu arobaini asubuhi moja. Tafuta mhuri kwenye paja, wa bluu au zambarau, na kama paja limeshakatwa muombe akuonyeshe kipande chenye mhuri kabla hajapima. Akikasirika vuka barabara, Isevya bucha ziko nyingi. Ukiamua lile la dume mmoja niandikie tena mwezi wa tisa kabla hujatoa hela, uniambie eneo liko wapi na maji yako umbali gani, maana kama ni upande wa Sikonge kuna sindano ya kuzuia nagana itabidi apigwe kabla hajafika huko.